Kuruka majivu, kukanyaga moto: kisa cha vizimba vya panya na plastiki "isiyo na BPA"

Agosti 1998, maabara ya mwanabiolojia Patricia Hunt katika Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, Cleveland, Marekani, iliingia katika shida ambayo kila mtafiti huiogopa. Panya wa kundi linganishi, yaani wale wasiofanyiwa jambo lolote na ambao kazi yao ni kuonyesha hali ya kawaida ikoje, ghafla hawakuwa wa kawaida tena.

Hunt alikuwa akitafuta kwa nini mayai ya mama hupungua ubora kadiri umri unavyokwenda. Kazi yenyewe ni ya mikono na macho: unatoa mayai machanga kwa panya jike, unayaacha yakomae kwenye chombo, unayapaka rangi, kisha unayatazama kwa hadubini wakati yanapojiandaa kugawa kromosomu, vile vifurushi vinavyobeba urithi. Katika yai zima, kromosomu hujipanga mstari mmoja katikati, zikiwa zimeshikwa na nyuzi nyembamba za protini kutoka ncha mbili, tayari kuvutwa kila kundi upande wake. Katika yai lenye hitilafu utaziona zimetawanyika, nyingine katikati, nyingine zimeng'ang'ania pembeni. Likigawanyika hivyo, yai linaweza kubaki na kromosomu moja zaidi au moja pungufu. Kwa binadamu, kosa la namna hiyo ni chanzo kikubwa cha mimba kuharibika katika wiki za mwanzo, na ndilo linalosababisha mtoto kuzaliwa na hali ya Down pale kromosomu ya 21 inapokuwa tatu badala ya mbili.

Miongoni mwa panya linganishi wa Hunt, mtawanyiko huo ulikuwa unaonekana katika asilimia 1 hadi 2 ya mayai. Sasa ulipanda hadi takribani asilimia 40.

Wengi wangeitupa takwimu hiyo na kuanza upya. Timu ya Hunt ilianza kutafuta. Walipitia kila kitu kinachogusa yai likiwa nje ya mwili: chakula chake, hewa, vyombo, joto. Hawakupata kitu. Kilichobaki ni mahali panya wenyewe wanapoishi, na hapo ndipo jibu lilipokuwa, tena lilikuwa linaonekana kwa macho. Vizimba vya plastiki ngumu, ambavyo huwa vinang'aa na kupenyeza mwanga, vilikuwa vimeingia ukungu. Chupa za maji zilikuwa zimeharibika na nyingine zinavuja. Ilibainika kwamba kwenye mashine ya kuoshea vizimba ilikuwa imetumika sabuni isiyo yake: badala ya sabuni ya kawaida isiyo kali, iliingizwa sabuni ya kusafishia sakafu yenye alikali nyingi, yaani magadi makali, kinyume cha asidi.

Vizimba na chupa hizo vilikuwa vya polikaboneti. Plastiki hii hutengenezwa kwa kuunganisha molekuli za bisfenoli A, maarufu kwa kifupi cha BPA, moja baada ya nyingine katika mnyororo mrefu. Viungo vya mnyororo huo vina adui wawili wanaojulikana na kila mkemia, nao ni alikali na joto. Mashine ya kuoshea ilikuwa na vyote viwili. Viungo vilikatika, BPA ikaachiliwa, panya wakainywa kwenye maji na kuilamba kwenye kuta za vizimba.

Mpaka hapo ni dhana tu, ingawa ni dhana nzuri. Ninachokiheshimu zaidi katika kisa hiki ni kilichofuata. Timu ilichukua vizimba na chupa vizima, ikaviharibu makusudi kwa sabuni ile ile, ikaweka panya wapya humo. Hitilafu ikarudi. Kisha wakaacha vizimba kabisa na kuwapa panya BPA yenyewe kwa mdomo, kila siku kwa takribani wiki moja, kwa viwango vitatu: nanogramu 20, 40 na 100 kwa kila gramu ya uzito wa mwili. Hitilafu ikarudi tena, na ikapanda kadiri kiwango kilivyopanda. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003 katika jarida la Current Biology, karibu miaka mitano baada ya mayai yale ya kwanza. Kiwango cha chini kabisa kati ya vile vitatu ni sawa na mikrogramu 20 kwa kilo. Wakati huo, kiwango ambacho mamlaka ya mazingira ya Marekani ilikihesabu kuwa binadamu anaweza kukipata kila siku maishani bila madhara kilikuwa mikrogramu 50 kwa kilo.

Mtu anaweza kuuliza ilikuwaje kemikali inayofanana na homoni ikawekwa kwenye vyombo vya chakula. Jibu linaudhi kidogo, kwa sababu sifa hiyo haikuwa siri. BPA ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1891 na mkemia wa Urusi, Aleksandr Dianin. Mwaka 1936 Edward Charles Dodds wa Uingereza, aliyekuwa anatafuta dawa inayoweza kufanya kazi ya estrojeni, homoni ya kike, aliipima na kukuta kwamba kweli inafanya, ingawa kwa udhaifu. Akaiacha, akaendelea na kemikali zenye nguvu zaidi. Ni katika miaka ya 1950 ndipo BPA ilipopata ajira nyingine kabisa: polikaboneti kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine epoksi, ule utando mwembamba unaopakwa ndani ya makopo ya vyakula na vinywaji ili chakula kisigusane na chuma. Wahandisi waliipenda kwa ugumu na uangavu wake. Faili la Dodds lilibaki kwenye kabati la idara nyingine.

Udhaifu ule ndio uliotumika kwa miaka mingi kama hoja ya kutuliza watu: ikiwa BPA ni dhaifu kuliko estrojeni ya mwili, ina shida gani? Shida iko katika namna homoni zinavyofanya kazi. Homoni huzunguka kwenye damu kwa viwango vidogo mno, na hufanya kazi kwa kuingia kwenye kipokezi cha seli kama ufunguo unavyoingia kwenye kufuli. Ufunguo bandia hauhitaji kutosha sawasawa. Unahitaji tu kuweza kuzunguka. Tena mwili umezoea kusikia viwango vidogo vikipanda na kushuka kwa wakati maalumu, kwa hiyo kiasi kidogo kinachokuja wakati usio wake kinaweza kuleta mvurugiko ambao kiasi kikubwa hakileti, kwa kuwa kikizidi seli hupunguza usikivu wake. Kanuni ya kale ya elimu ya sumu, kwamba kadiri dozi inavyopungua ndivyo madhara yanavyopungua, haitoshi hapa. Upimaji mwingi wa usalama wa kemikali ulijengwa juu ya kanuni hiyo: unaanza na dozi kubwa, unashuka mpaka usipoona kitu, kisha unagawanya kwa 100 na kutangaza kwamba hapo ni salama bila hata kupapima.

Na kuna suala la muda. Mwanamume hutengeneza mbegu karibu maisha yake yote. Mwanamke ni tofauti: mayai yake huanza safari ya kugawa kromosomu akiwa bado tumboni mwa mama yake, kisha husimama katikati ya safari kwa miaka, mengine kwa miongo, mpaka siku ya kupevuka. Kwa hiyo mama mjamzito wa mtoto wa kike amebeba pia nusu ya urithi wa wajukuu wake. Mwaka 2007 timu hiyo hiyo, wakati huo ikiwa imehamia Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, ilionyesha kwamba panya wajawazito wakipewa BPA, vijusi vyao vya kike huanza vibaya hatua ile ya mwanzo ya kuunganisha na kubadilishana vipande vya kromosomu, na wakikua mayai yao huwa na makosa. Kinywaji alichokunywa bibi kinajitokeza kwenye kijusi cha mjukuu.

Panya si watu, na nitalirudia hilo baadaye. Lakini watu wanaipata BPA, hili halina ubishi. Uchunguzi wa afya wa kitaifa nchini Marekani uliotumia mikojo ya mwaka 2003 na 2004 uliikuta kwa asilimia 93 ya waliopimwa, wote wa umri wa miaka 6 na kuendelea. Ini huikamata haraka na figo huitoa, kiasi kwamba sehemu kubwa ya unayokula leo inakuwa imetoka ndani ya siku moja. Habari njema? Nusu nusu. Kemikali inayotoka ndani ya siku moja lakini inakutwa kwa karibu kila mtu maana yake inaingia kila siku.

Inaingia hasa kwa chakula. Mwaka 2011 yalitoka majaribio mawili madogo ambayo kwangu mimi yanaeleza zaidi kuliko ripoti nene. Katika moja, watu 75 walikula supu kila siku kwa siku tano, kisha baada ya mapumziko wakabadilishana: waliokula ya kopo wakala iliyopikwa kwa vyakula visivyosindikwa, na kinyume chake. Wakati wa supu ya kopo, BPA kwenye mkojo ilikuwa zaidi ya mara kumi ya ile ya wakati wa supu isiyo ya kopo. Katika la pili, familia tano zilipewa kwa siku tatu chakula kisichosindikwa, kisichopitia kopo wala plastiki. BPA kwenye mikojo yao ilishuka kwa wastani wa asilimia 66, na mabaki ya moja ya kemikali za kulainisha plastiki, zile ziitwazo fthaleti, yakashuka kwa zaidi ya nusu. Waliporudia chakula chao cha kawaida, viwango vikarudi juu.

Hasira za wazazi ndizo zilizosukuma serikali, na mahali pa kwanza palikuwa chupa za kunyonyeshea watoto. Kanada ilitangaza kuzipiga marufuku zenye BPA mwaka 2008. Umoja wa Ulaya ulifuata mwaka 2011, Marekani mwaka 2012. Hatua ya Marekani ina kichekesho chake: mamlaka ya chakula na dawa ilisema inaondoa kibali kwa kuwa watengenezaji walikuwa wameshaacha kuitumia kwenye chupa hizo, na wala si kwa kuwa imekuta hatari. Walioomba kibali kiondolewe ni chama cha wenye viwanda vya kemikali wenyewe. Ufaransa ilikwenda mbali zaidi na kuizuia kwenye vifungashio vyote vya chakula kuanzia 2015.

Rafu zikajaa lebo za "haina BPA". Ndani ya lebo hiyo hakuna uongo. BPA haimo. Kilichomo badala yake hakikuandikwa, na mara nyingi kilikuwa ndugu yake wa damu: bisfenoli S, au bisfenoli F, zenye umbo linalokaribiana, zikifanya kazi ile ile ya kuunganisha mnyororo au kufanya maandishi yajitokeze kwenye karatasi za risiti. Mkemia anayetafuta mbadala hutafuta molekuli itakayokubali mitambo ile ile na kutoa ugumu ule ule, na njia fupi ni kubadilisha sehemu ndogo ya molekuli ya zamani. Sheria ilikuwa imetaja jina moja tu.

Sasa turudi kwa Hunt. Katika maabara yake mpya, vizimba vya polikaboneti vilikuwa vimeachwa na kuletwa vya polisulfoni, plastiki inayosifiwa kwa kustahimili joto na kemikali. Miaka ikapita vizuri. Kisha takwimu za kundi linganishi zikaanza kuyumba tena. Ukichungulia vizimba, baadhi vilikuwa na utando mweupe na dalili za kuchakaa. Vilipopimwa, vilikuwa vinaachilia bisfenoli S. Mtafiti yule yule, aina ile ile ya ajali, miaka 20 baadaye, na safari hii mkosaji ni yule aliyeletwa kuwa suluhisho.

Timu ilifanya ilichofanya mwanzo. Iliwapa panya kiasi kidogo cha BPA, cha bisfenoli S na cha mbadala nyingine, ikahesabu mahali ambapo kromosomu hubadilishana vipande ndani ya mayai ya majike na ndani ya seli zinazozaa mbegu za madume. Mbadala zilivuruga hesabu hiyo kwa namna inayofanana na BPA. Kilichotisha zaidi ni upande wa madume: watoto na wajukuu wa panya walioguswa, ambao wenyewe hawakupewa kitu, bado walikuwa na mabadiliko hayo, na ilichukua takribani vizazi vitatu kutoweka. Makala ilitoka Septemba 2018, katika jarida lile lile la mwaka 2003.

Kuna wanaosoma kisa hiki na kuhitimisha kwamba plastiki inaua. Hakisemi hivyo. Kwanza, maabara nyingine zilizowapa panya BPA hazikuona makosa ya kromosomu kwenye mayai yanayopevuka kwa kiwango alichokiona Hunt, na timu yake yenyewe ilikuja kuonyesha mwaka 2009 kwamba matokeo hubadilika kufuatana na chakula cha panya, kwa kuwa vyakula vyenye soya vina estrojeni zake za mimea. Pili, hakuna anayeweza kuwapa wajawazito bisfenoli makusudi ili aone kitakachotokea kwa wajukuu, kwa hiyo ushahidi wa binadamu unabaki wa kulinganisha mikojo na magonjwa, na ulinganisho wa namna hiyo huchanganya mambo mengi: anayekula vya makopo kila siku ana mengine pia yanayomtofautisha na asiyekula. Tatu, bisfenoli F hupatikana hata ndani ya haradali, ikijitengeneza yenyewe kutoka kwenye mbegu. Dunia ya homoni bandia haianzii kiwandani wala haiishii huko.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, wanaotumia mapungufu hayo kusema "haijathibitishwa, tuendelee" wanakwepa swali lenyewe. Kisa cha vizimba kinatuambia mambo mawili ambayo hayategemei kama panya na mtu wanafanana au la. Plastiki hizi huachilia viungo vyake zinapochakaa, zinapokutana na joto na sabuni kali. Na kubadilisha jina la kemikali bila kupima inayoletwa hakuondoi kitu. Hapo hakuna takwimu za kubishania.

Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilichukua muda kufika huko, lakini ilipofika ilipiga hatua kubwa. Mwaka 2015 ilikuwa imeweka kiwango cha muda cha BPA kinachovumilika kwa siku kuwa mikrogramu 4 kwa kilo ya uzito wa mwili. Aprili 2023 ikakishusha hadi nanogramu 0.2, yaani mara 20,000, ikizingatia zaidi athari kwenye kinga ya mwili. Kwa kiwango hicho, karibu kila mtu barani humo alikuwa amekivuka. Wasimamizi wa dawa wa Ulaya na wa tathmini ya hatari wa Ujerumani walipinga njia iliyotumika, na mamlaka ya Marekani haijakifuata. Desemba 2024 Tume ya Ulaya ikapitisha marufuku ya BPA kwenye vifaa vinavyogusa chakula, makopo yakiwemo, kwa kipindi cha mpito cha miezi 18 kwa bidhaa nyingi. Kilichonipa moyo ni kwamba safari hii sheria haikutaja jina moja: inazigusa pia bisfenoli nyingine zilizokwisha kutambuliwa rasmi kuwa hatari, na bisfenoli S iliingia kwenye orodha ya Ulaya ya kemikali za kutiliwa wasiwasi mkubwa Januari 2023, miaka sita baada ya BPA.

Kwa mtu aliyeko jikoni, kitu cha kushughulikia kwanza ni joto. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cincinnati waliwahi kumimina maji yanayochemka kwenye chupa za polikaboneti na kukuta BPA ikitoka kwa kasi ya mara 15 hadi 55 kuliko kwa maji baridi. Chupa mpya na chupa kuukuu hazikutofautiana sana kwa maji ya kawaida, tofauti ililetwa na moto. Kwa hiyo chai, uji, supu na maziwa ya mtoto visimiminwe vikiwa vya moto kwenye plastiki ngumu inayong'aa, wala chakula kisipashwe ndani yake kwenye maikrowevu, hata kama chombo kimeandikwa kwamba kinaruhusiwa. Maandishi hayo yanakuhakikishia kwamba hakitayeyuka, basi. Mashine ya kuoshea vyombo ina joto na alikali kwa pamoja, kwa hiyo plastiki inayogusa chakula ioshwe kwa mkono na sabuni laini. Chombo kilichoingia ukungu, nyufa au mikwaruzo kitolewe kwenye chakula. Vya makopo vipunguzwe, hasa kwa mjamzito na mtoto mdogo, lakini asiyekuwa na njia nyingine ya kupata maharage au samaki asiache kula kwa kuogopa kopo. Njaa ina madhara yasiyohitaji utafiti.

Ukigeuza chombo, chini kuna pembetatu yenye namba. Namba 7 maana yake "nyinginezo", na polikaboneti imo humo pamoja na plastiki zisizohusiana nayo kabisa, kwa hiyo namba hiyo peke yake haikuambii kitu. Namba 5 ni polipropilini na namba 2 ni polithini nzito. Hizi hazijengwi kwa bisfenoli ya jina lolote, na zinafaa kwa vitu vikavu na vya baridi. Zina viambato vingine vya kiwandani ambavyo havikuandikwa, ndiyo maana cha moto na chenye mafuta mengi kiende kwenye kioo, udongo au chuma kisichoshika kutu.